Isaya 55 na daftari la maji

Tumsifu Yesu Kristo.

Tuko Mwaka A, mmoja wa miaka mitatu ya mzunguko wa masomo ya Misa, tangu Dominika ya kwanza ya Majilio, Novemba 30 ya mwaka jana, na msomaji yeyote wa kigangoni, yaani kanisa dogo lililo chini ya parokia, aliyepitisha jicho kwenye kalenda ya liturujia atakuwa ameliona hili: sura ya 55 ya Isaya haituachi. Ni sura fupi, aya 13 tu. Kipande chake kimoja husomwa kila mwaka, Jumanne ya juma la kwanza la Kwaresima. Kingine, kirefu zaidi, husomwa usiku wa Mkesha wa Pasaka. Mwaka A unaongeza Dominika tatu, ya 15, ya 18 na ya 25, ambazo kwa mwaka huu ni Julai 12, Agosti 2 na Septemba 20. Mbili zimeshapita. Ya tatu nimepangiwa mimi kusoma, na ndiyo iliyonifanya nikae niandike.

Ninaishi nje ya mji wa Dodoma, ukishika barabara ya Iringa, na kazi yangu ni kuuza maji. Kioski ni mali ya chombo cha watumia maji cha kijiji. Mimi nafungua bomba, napokea hela, naandika. Ndoo ya lita 20 ni shilingi 50. Asiye na hamsini siku hiyo husema "niandikie dada", nami namwandika kwenye daftari. Kwa hiyo ukinisimamisha mimbarini nitangaze aya ya kwanza ya sura hiyo, "Haya, kila aonaye kiu, njoni majini, naye asiye na fedha, njoni, nunueni mle", usitegemee nisome kana kwamba natangaza ndoa. Mbele yangu wamekaa watu ambao madeni yao nayajua kwa kichwa.

Mwaka huu Jumatano ya Majivu iliangukia Februari 18, na wiki hiyohiyo majirani zetu Waislamu wakaanza Ramadhani, kwa hiyo foleni ya bombani ikahamia jioni kabisa. Katikati ya juma hatuna Misa. Padre ana vigango vingi na pikipiki moja. Masomo ya kila siku nayasoma kwenye simu, nimekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Ile Jumanne, Februari 24, somo la kwanza lilikuwa aya mbili tu, ya 10 na ya 11: "Maana kama vile mvua ishukavyo, na theluji, kutoka mbinguni, wala hairudi huko, bali huinywesha ardhi..." Ndivyo litakavyokuwa neno langu, asema Bwana, halitanirudia bure.

Theluji tuiache. Mvua ndiyo iliyonichoma. Dodoma tunapata milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na Februari mvua ina tabia ya kukata bila kuaga. Mahindi yakiwa ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, jua linakaa, majani yanajikunja, na mwenye shamba anapita pembeni bila kutazama. Mtama unavumilia, lakini watoto wa siku hizi hawataki ugali wa mtama. Katika hali hiyo unasomewa kwamba mvua hairudi bure. Sikusikia faraja yoyote, nasema ukweli. Nilisikia mtu wa mbali anayeongea juu ya mvua.

Nikaendelea kuisoma hiyohiyo siku kadhaa, maana nilikuwa nimeikasirikia. Sura za 40 hadi 55 za Isaya zinasema na watu walio uhamishoni Babeli, karne ya sita kabla ya Kristo. Babeli ni nchi ya mito miwili na mifereji. Mkulima wa kule hakutazama wingu, alitazama mfereji umefika wapi. Uyahudi ndiyo nchi ya kutazama juu. Kumbukumbu la Torati sura ya 11 inasema wazi kwamba nchi ile hunywa maji ya mvua ya mbinguni, tofauti na Misri ambako mtu alimwagilia mwenyewe kama bustani ya mboga. Sasa fikiria kijana aliyezaliwa uhamishoni, hajawahi kuvuna kwa mvua maisha yake yote, anaambiwa neno la Mungu linashuka kama mvua. Anakumbushwa kwao. Na mfereji una mwenyewe, una mtu anayefungua na kufunga. Mvua haina kioski. Mimi mwenye ufunguo wa bomba ndiye ninayewaambia.

Injili ya Jumanne hiyo ni Mathayo 6, Yesu akifundisha Baba Yetu, na kwa Mathayo ombi lenyewe linataja deni na wadeni. Daftari lilikuwa mapajani. Pesa ya mle si yangu, ni ya chombo, ndiyo inayonunua umeme wa pampu. Siwezi kuwa mkarimu kwa mali ya kijiji. Nikalifunga nikaenda kufungua bomba.

Machi 8 ilikuwa Dominika ya tatu ya Kwaresima, na Mwaka A siku hiyo ni ya mwanamke Msamaria. Hapa naomba nikae kidogo, maana habari hii ni ya watu wa kazi yangu. Somo la kwanza ni Kutoka 17, Waisraeli wanamnung'unikia Musa jangwani kwa kiu. Naijua sauti hiyo, ni ya saa kumi na mbili asubuhi umeme ukiwa umekatika. Halafu Yohane 4. Mapadre wengi, na makatekista wakiwafuata, husema yule mama alikwenda kisimani saa sita mchana kwa aibu, ili asikutane na wenzake. Inawezekana. Lakini Yohane hasemi hivyo. Njoo ukae bombani kwangu uone nani anakuja saa sita. Ni mama aliyetoka kulima kibarua cha watu. Ni mwenye mgonjwa ndani, aliyengoja mpaka mgonjwa asinzie. Ni binti wa kazi ambaye asubuhi alikuwa anafua nguo za nyumba nyingine. Saa sita ni saa ya mtu asiyemiliki asubuhi yake. Nikimsoma hivyo, lile ombi lake, "Bwana, unipe maji hayo, nisione kiu, wala nisije hapa kuteka," halinichekeshi tena kama ombi la mtu mjinga asiyeelewa mafumbo. Amechoka. Anaomba kilicho cha maana kabisa.

Na kitu kingine. Yohane anasema mama yule aliuacha mtungi wake akaenda mjini. Kwenye mahubiri mtungi ni maisha ya zamani, ameyatupa. Kwetu ukiacha dumu bombani hujalitupa, umeshika nafasi. Madumu yanapanga foleni yenyewe, wenye nayo wako nyumbani wanapika. Dumu lililoachwa linasema: huyu anarudi. Na kweli alirudi, na mji mzima nyuma yake. Katekista wetu nilipomwambia hivi kwenye jumuiya, kikundi chetu cha majirani tunaosali pamoja, alicheka sana, kisha akasema nisije nikalisema hilo mbele ya Askofu. Mimi ningelisema.

Kuna sababu Kanisa linawasomea wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, Injili hii, na ya kipofu wa Yohane 9, na ya Lazaro wa Yohane 11, Dominika tatu mfululizo kabla ya Pasaka. Ndio wanaokwenda majini. Mwaka huu tulikuwa nao wachache kutoka vigango vyote vya parokia, na mmoja wao ni mteja wangu.

Mkesha wa Pasaka tulikwenda parokiani, Aprili 4, tumejazana kwenye lori la mtu aliyejitolea. Mkesha una masomo saba ya Agano la Kale. Rubriki, yaani maelekezo ya ibada, inaruhusu kuyapunguza, ila lile la Kutoka 14, kuvuka bahari, haliguswi. Mara nyingi la tano ndilo linalokatwa, na la tano ni Isaya 55, aya ya 1 mpaka ya 11. Safari hii paroko alisema yote saba, asiyeweza kukesha alale kwenye benchi, Bwana atamwamsha. Moto mpya nje, Mbiu ya Pasaka, kisha kusikiliza. Unajua benchi zetu. Kufikia somo la nne watoto walikuwa chini kwenye mkeka.

La tano nilipangiwa mimi. Miaka yote nilikuwa nimelisikia likisomwa polepole, kwa upole, sauti ya maziko. Lakini ukiitazama ile aya ya kwanza ni sauti ya mchuuzi. Wataalamu wa Maandiko nao wanasema ina mlio wa muuza maji anayepita mtaani akiita wateja, na mimi ni muuza maji, sihitaji kuaminishwa. "Haya, kila aonaye kiu!" Niliipaza. Watoto kwenye mkeka wakaamka, mzee mmoja nyuma akaitikia "naam". Nabii anaita kama mtu mwenye biashara, anataja bidhaa, maji, divai, maziwa, na mteja akishasogea ndipo anaambiwa bei: bila fedha na bila thamani. Gizani, kwa mwanga wa mishumaa, niliona kichwa cha yule mkatekumeni. Yuko ukurasa wa mwisho wa daftari.

Kiitikio baada ya somo hilo si zaburi, ni wimbo kutoka Isaya huyohuyo, sura ya 12: kwa furaha mtateka maji katika visima vya wokovu. Kwa furaha! Nimeona watu wakiteka maji kwa furaha mara moja tu, wiki ile mradi ulipofunguliwa, vibibi walikuwa wanajimwagia kichwani. Baada ya hapo ni foleni na maneno.

Kipindi cha Pasaka nakipita haraka, si kwa dharau. Aprili na Mei kwetu ni kufukuza ndege kwenye mtama kuanzia alfajiri, na mtu aliyeshinda anapiga kelele shambani hasomi sana.

Nitue Julai 12, Dominika ya 15. Injili ni mfano wa mpanzi, Mathayo 13, na somo la kwanza ni zile aya mbili za Jumanne ya Februari, neno kwa neno. Nilikuwa najiuliza siku zote kwa nini mfano wa mpanzi unatupata Julai. Julai hapa hakuna apandaye. Mashamba ni mabua na mbuzi. Jibu la haraka ni kwamba kalenda haikupangwa Dodoma, na hilo ni kweli: Mtaguso wa Pili wa Vatikani, kwenye hati yake ya Liturujia ya Desemba 4, 1963, uliagiza hazina za Biblia zifunguliwe kwa wingi zaidi kwa waamini, na utaratibu mpya wa masomo wa miaka mitatu ukatoka mwaka 1969. Waliopanga hawakuwa na mtama akilini.

Lakini asubuhi hiyo kabla ya Misa nilimkuta mama yangu uani anachagua masuke. Ndiyo kazi ya Julai. Kabla hatujapiga mtama wote, kabla hata debe moja halijaenda kusagwa, yeye hutoa masuke makubwa, yaliyofungana vizuri, anayafunga pamoja na kuyaning'iniza juu ya moto jikoni moshi uyapate, dumuzi na fukusi wasiyaguse. Hiyo ni mbegu. Hata tukifika Januari hatuna kitu, ile haishushwi. Nikasimama mimbarini saa moja baadaye, nikasoma kwamba mvua huizalisha ardhi "ikampa mtu apandaye mbegu, na mtu alaye chakula". Mbegu imetajwa kwanza. Mlaji anafuata. Februari nilikuwa nimepita hapo bila kusimama, macho yako kwenye mvua. Julai mvua haina habari na mtu, na kinachobaki kwenye aya ni hesabu ya nyumbani: punje ni zilezile, mama ndiye anayeamua ipi iende juu ya moto na ipi iende chini ya jiwe.

Kwa hiyo mfano wa mpanzi siku hiyo niliusikia upande mwingine. Kila mwaka tunahubiriwa juu ya udongo, wewe ni udongo gani, njiani, penye miamba, penye miiba. Sawa. Ila mama yangu asingemwaga mbegu njiani hata siku moja, na yeyote aliyelala njaa Januari huku masuke yananing'inia juu ya kichwa chake anaelewa ukubwa wa kichaa cha yule mpanzi. Mbegu iliyolindwa na njaa ya watoto, yeye anaitupa hata kwenye mawe. Kwaya ikaimba Zaburi ya 65, umeijilia nchi na kuisitawisha, na nje lilikuwa vumbi tupu.

Halafu Agosti 2. Hapa ndipo mambo yalipofika bombani.

Dominika ya 18 inasoma aya tatu za mwanzo, zile za mchuuzi, na Injili ni mikate mitano na samaki wawili. Alisoma kijana mwingine, mimi nilikuwa nimekaa. Nilipokaa ndipo nikasikia masomo mawili yanajibizana. Isaya anasema njoni mnunue bila fedha. Wanafunzi wanamwambia Yesu awaage makutano, waende vijijini wakajinunulie vyakula. Ni wazo la mtu mwenye akili, ndilo ningelitoa mimi. Kila mtu na hamsini yake. Yesu hasemi chakula ni bure. Anasema: "Hawana haja kwenda zao, ninyi wapeni vyakula wale."

Tukiwa tunatoka, mama mmoja mtani wangu akanidaka mlangoni. "Dada, nimesikia leo maji bila fedha. Kesho nije na madumu mangapi?" Watu wakacheka, nami nikacheka. Jibu nilikuwa nalo tayari, lile la mahubiri, kwamba bure ya Mungu imelipiwa na Kristo msalabani. Ni jibu la kweli, sina ugomvi nalo. Lakini aliyekuwa nyuma yake ni mzee mmoja ambaye ukurasa wake umejaa, anayelea wajukuu, na jibu lile lisingemfikisha nyumbani na ndoo.

Jumamosi iliyofuata kwenye jumuiya nikalileta. Nikasema chombo cha maji hakiwezi kutoa bure, pampu inakula umeme, hilo lisijadiliwe. Ila sisi tunaweza kununua. Kila nyumba ya jumuiya itoe mia tano kwa mwezi, ninunue ndoo mbili kila siku kwa wazee watatu, niandike zimelipwa. Tukatafakari Injili ya Dominika inayokuja kama kawaida yetu, lakini moyoni wote tulikuwa bado kwenye mikate mitano. Wengi wakakubali upesi. Mtu mmoja, mchapakazi, mtoaji mzuri wa zaka, akasema jambo ambalo wengine walikuwa wanalifikiria: mmoja wa wale wazee si wa kwetu, ni Mwanglikana. Hapa Ugogoni Waanglikana ni wengi kuliko sisi, na wana umoja wao wa akina mama, wana mchungaji wao. Kwa nini tumbebe?

Katekista hakubishana. Alifungua Biblia akasoma tena maneno mawili, "kila aonaye", akanyamaza. Ilipita. Lakini ilipita kwa mwezi mmoja wa majaribio. Septemba tutakaa tena tuamue kama tunaendelea. Na yule ndugu ameshaanza kuhesabu. Anasema yeye alichanga tangu siku mradi unachimbwa, alibeba mawe, alichimba mtaro wa bomba kwa jembe lake, na leo analipa hamsini yake kila ndoo, wakati ambaye hakushika hata koleo anateka bure. Kila anachosema ni kweli. Niko na daftari la michango ya mwaka ule, jina lake lipo juu kabisa.

Sasa tazama kalenda. Dominika ya 25, Septemba 20: Isaya 55, aya ya 6 mpaka ya 9. "Maana mawazo yangu si mawazo yenu, wala njia zenu si njia zangu, asema Bwana." Na Injili ni Mathayo 20, wafanyakazi katika shamba la mizabibu. Wakati huo kwetu zabibu za msimu wa pili zinavunwa. Wamisionari waliotuachia mizabibu walituachia na mfano huu ukiwa umekamilika. Kila alfajiri vibarua wanasimama barabarani wangojee kuchukuliwa, na saa kumi na moja jioni wapo ambao bado wamesimama, maana hakuna aliyewaajiri. Mfano wa mpanzi ulinitaka nifikirie. Huu hauhitaji kufikiriwa, unapita mbele ya kioski changu kila siku.

Kikao cha jumuiya kimewekwa Jumamosi ya tarehe 19, siku moja kabla. Nimeomba kisogezwe mpaka Jumatatu. Mwenyekiti aliniuliza kwa nini, nikamwambia nina kazi ya kujiandaa kusoma. Alinitazama kwa muda, akafungua kalenda yake, akaona somo ni lipi, akasema, "Wewe mama ni mjanja sana." Amekubali.